Kijani cha Mtwara na Mikindani: Yanayodhaniwa na Yaliyopo

Mgeni akiuliza mjini Mtwara ni wapi pa kukaa jioni chini ya mti, mara nyingi huelekezwa ufukweni Shangani, kisha huambiwa kwamba zaidi ya hapo hakuna kitu, na kwamba mwenye hamu ya bustani asubiri safari ya Dar es Salaam. Dhana hiyo inatokana na kuamini kwamba eneo la kijani ni lile tu lenye geti, kiingilio na nyasi zilizofyekwa. Mji wa Mtwara ulipangwa mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati wa mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na kuvunjika 1951, na barabara zake zilipimwa kwa matarajio makubwa kuliko yaliyotimia. Ndiyo maana hadi leo baina ya mtaa na mtaa hubaki nafasi zenye miembe, minazi na mikorosho, ambazo wenyeji huzipita kila siku bila kuzihesabu kuwa kitu.

Wapo pia wanaoamini kwamba kila kijani wanachokiona ni msitu wa asili. Mkorosho, mti unaotambulisha kusini yote, asili yake ni Brazili, nao uliletwa katika pwani ya Afrika Mashariki na Wareno katika karne ya 16. Mwarobaini nao ulitoka Bara Hindi. Kivuli chake ni kivuli halali, lakini shamba la mikorosho halichukui nafasi ya msitu uliokatwa.

Dhana inayonisikitisha zaidi ni ile ya kuita mikoko matope yanayonuka. Barabara itokayo Mtwara mjini kwenda Mikindani hufuata ghuba, na abiria wengi huyatazama matope yale kama mahali palipoharibika. Harufu ile inayofanana na yai viza si dalili ya uchafu wa watu. Ndani ya matope hakuna hewa ya kutosha, kwa hiyo bakteria wanaoozesha majani hutoa gesi ya salfa. Ukosefu huo wa hewa ndio unaoeleza maumbo ya mizizi: mchu, mmojawapo wa miti ya mikoko, huchomoza vijiti vyembamba kutoka chini kwenda juu ili vipumue maji yanapokupwa, ilhali mkoko wenyewe husimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu. Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti, ikarefuka kama fimbo ya kijani, kisha mche hudondoka ukiwa tayari kushika matope au kuelea hadi pengine. Waswahili tunasema "ndipo mkoko ulipoalika maua" mambo yanapokolea, ila ni wachache kati yetu waliowahi kusogea karibu na kuyaona maua hayo madogo yenye weupe wa manjano. Chini ya mizizi hiyo hukulia kamba na samaki wachanga, na kaa huchimba mashimo yanayoingiza hewa ardhini. Anayetaka kuona haya yote aende maji yakiwa yamekupwa, avae viatu visivyonasa, na asikate hata ufito mmoja, kwa kuwa mikoko ya Tanzania Bara ni msitu wa hifadhi na ukataji wake unahitaji kibali.

Neno hifadhi lenyewe huwatisha wengi, wakidhani ni mahali pasipo watu. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000 ikiwa na kilomita za mraba 650, ina vijiji ndani yake, Msimbati kikiwemo, na wavuvi huendelea na kazi zao kwa kufuata taratibu.

Mwisho ni mbuyu, ambao kati ya Juni na Oktoba husimama bila jani, na mpita njia husema umekufa. Mbuyu hupukutisha majani ili usipoteze maji wakati wa kiangazi, huku shina lake laini likiwa limehifadhi maji na ngozi ya kijani iliyo chini ya gome ikiendelea kutumia mwanga wa jua. Mvua za mwisho wa mwaka zinapokaribia, mti huo huo huchanua maua makubwa meupe yanayoning'inia, yanayotembelewa na popo wala matunda na hata komba. Ua hufunguka jua linapozama, na kesho yake huwa limeanza kusinyaa, kwa hiyo anayetaka kulishuhudia awe chini ya mbuyu kabla ya adhana ya magharibi, akae kimya, na asiondoke giza linapoingia, kwani ndipo popo wanapofika.