Taarifa ya shule ifike mwaloni na mlimani: mawasiliano na familia wakati wa mlipuko wa ugonjwa

Tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya Wizara ya Afya kutangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Tanzania, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule zote, kuanzia za awali hadi kidato cha sita, kwa muda wa siku 30. Muda huo uliongezwa, kidato cha sita wakarudi darasani tarehe 1 Juni na wengine tarehe 29 Juni. Kwa shule ya sekondari ya kutwa ya Nyamagana au Ilemela, mkoani Mwanza, tangazo hilo lilikuwa na maana kwamba watoto wa kidato cha kwanza, ambao walikuwa na wiki kama kumi tu tangu waanze kuzoeana na walimu wao, waliondoka na madaftari yao kwapani, na shule ikabaki na kitu kimoja cha kuwafuatilia, yaani namba ya simu iliyoandikwa kwenye fomu ya kujiunga.

Siku zile nilikaa na walimu wa shule moja tukipiga namba hizo moja baada ya nyingine. Baadhi hazikupatikana kabisa, kwa kuwa tangu Januari mwaka huo laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilikuwa zimeanza kuzimwa. Moja ilipokelewa na kondakta wa daladala aliyeshangaa kuitwa baba wa mtoto asiyemjua. Nyingine ilikuwa ya mjomba aliyemsindikiza mtoto siku ya usajili kisha akarejea zake Kwimba, wala hakujua mtoto anaishi mtaa gani. Shule ile ilikuwa imekwisha kutuma ujumbe kwa namba zote na kuandika kwenye taarifa yake kwamba wazazi wamearifiwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeisoma taarifa hiyo na kuipokea bila swali, na hapo ndipo lilipo kosa ambalo makala hii inalihusu, kwa sababu kutuma ujumbe ni kazi moja na kuhakikisha umefika ni kazi nyingine, na ile ya pili ndiyo inayotaka maandalizi kabla ugonjwa haujaingia.

Maandalizi hayo huanza Januari, wakati wa usajili, kwa daftari la mawasiliano la kila darasa, ambalo hutunzwa na mwalimu wa darasa na nakala yake hukaa ofisini kwa mkuu wa shule. Kila mwanafunzi aandikiwe namba tatu: ya mzazi, ya mlezi anayelala naye nyumba moja, na ya jirani au mwenye duka anayeweza kupeleka salamu kwa miguu. Pembeni ya namba hizo yaandikwe mambo ambayo fomu zetu hazikuzoea kuyauliza, kama vile simu hushikwa na nani mchana, huchajiwa wapi, nani nyumbani anasoma, na kama bibi anayemlea mtoto anaelewa zaidi Kisukuma, Kikerewe au Kijita kuliko Kiswahili cha matangazo. Daftari hilo lihakikiwe kila muhula kwa kupiga namba chache bila taarifa, kwa maana laini hubadilika haraka kuliko sare za shule.

Kwa mkoa wetu yapo mambo mawili ya mahali ambayo mwongozo ulioandikwa mbali na Ziwa Victoria hauwezi kuyajua. La kwanza ni mwezi. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani usiku wa giza, wakiwavuta dagaa kwa mwanga wa taa, na mbalamwezi inapowaka kazi husimama na wengi hurudi nyumbani kutoka kambi za visiwani. Shule inayoitisha kikao cha wazazi katika siku za giza itawapata akina mama na mabibi, kisha italalamika kwamba akina baba hawajali elimu. Kikao kikiwekwa siku za mbalamwezi, baba wa Igombe au Kayenze atakuwepo. Kwa aliyeko kambini katika visiwa vya Ukerewe au Buchosa, ambako mtandao hupatikana penye mwinuko tu, taarifa ipitie kwa viongozi wa BMU (kikundi cha jamii cha kusimamia uvuvi) wa mwalo husika, yaani mahali mitumbwi inapotia nanga, na kwa manahodha wa mitumbwi inayobeba abiria, watu ambao tayari wamezoea kubeba salamu. La pili ni milima ya mawe. Mitaa ya Mabatini na Bugarika imepanda juu kwa ngazi na vichochoro, gari la matangazo hupita barabarani chini na sauti yake haieleweki huko juu. Huko afadhali kumtumia balozi wa nyumba kumi, kipaza sauti cha msikiti au kanisa, na karatasi iliyobandikwa kwenye genge na kwenye banda la kuchajia simu.

Ujumbe wenyewe nao una ufundi wake. Wazazi wengi bado wanatumia simu za kitochi, kwa hiyo kundi la WhatsApp, hata likiwa na bidii kiasi gani, huwafikia wenye simu janja na bando peke yao. Ujumbe mfupi wa kawaida una nafasi ya herufi 160. Ukizidi hapo hukatwa vipande, na katika baadhi ya simu kipande cha pili hufika kabla ya cha kwanza. Mfano wa ujumbe ulio ndani ya kipimo ni huu: «Shule inafungwa kuanzia Jumatano 18/3. Mtoto abaki nyumbani. Ukipata ujumbe huu bipu namba hii. Taarifa nyingine Jumamosi saa 12 jioni. Mkuu wa Shule.» Msomaji atazame kwamba hakuna neno «kesho» ndani yake. Simu iliyozimika chaji ikawashwa Ijumaa huleta «kesho» ambayo ilikwisha kupita, na nimewahi kuona mtoto aliyefika getini siku mbili mfululizo kwa sababu ya neno hilo moja. Saa nayo iandikwe pamoja na asubuhi, mchana au jioni.

Kubipu ndiyo stakabadhi ya ujumbe. Mzazi asiye na vocha hana namna nyingine ya kujibu, na bipu yake humwezesha mwalimu kuweka alama mbele ya jina. Baada ya siku mbili, majina yasiyo na alama ndiyo yanayopigiwa simu, na yasiyopatikana hata kwa simu ndiyo yanayofuatwa kupitia mwenyekiti wa mtaa. Fedha za vocha kwa kazi hii zipangwe kwenye bajeti ya shule na kupitishwa na bodi mapema, maana mwalimu anayetumia za mfukoni atafanya hivyo wiki ya kwanza na pengine ya pili, na hatuna haki ya kumlaumu akiacha ya tatu.

Kuhusu yaliyomo, ugonjwa utajwe kwa jina lake. Shule haina mamlaka ya kutangaza mlipuko, kwani kazi hiyo ni ya Wizara ya Afya, na mkuu wa shule anayeona dalili zinazotia shaka anapaswa kumwarifu mganga mfawidhi wa zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Lakini mlipuko ukishatangazwa, kuandika «ugonjwa wa hatari» kwa kukwepa jina humwacha mzazi akikisia, ilhali maelekezo hutofautiana. Dalili za kipindupindu huweza kutokea ndani ya saa chache na kwa kawaida hazizidi siku 5. Mtu aliyekutana na mgonjwa wa korona mwaka 2020 alifuatiliwa kwa siku 14. Aliyekutana na mgonjwa wa Marburg, ugonjwa uliotangazwa mkoani Kagera mwezi Machi 2023 na tena wilayani Biharamulo mwezi Januari 2025, hufuatiliwa kwa siku 21. Mzazi aliyempeleka binti yake likizo Biharamulo anahitaji kujua ni siku ngapi na anahesabu kuanzia lini. Mwenye swali la kitabibu aelekezwe kupiga 199, namba ya Wizara ya Afya isiyolipiwa.

Jina la mwanafunzi aliyeugua, kwa upande mwingine, lisiandikwe popote, wala darasa lake lisielezwe kwa namna itakayowafanya watu wamtambue. Unyanyapaa huishi kuliko homa. Uvumi unapozuka kwenye makundi ya wazazi, hasa zile sauti za kurekodi ambazo hazina mwenyewe, shule isibishane nao ujumbe kwa ujumbe; msemaji awe mmoja, atoe taarifa kwa siku na saa ile ile kila wiki hata kama hakuna jipya, na aseme wazi kwamba hakuna jipya. Mzazi anayejua kwamba Jumamosi saa 12 jioni atasikia neno la shule huwa na subira zaidi mbele ya neno la mtaani.

Shule ikifungwa kwa muda mrefu, taarifa peke yake haitoshi. Mwalimu mwenye wanafunzi 45 akipiga simu tisa kwa siku humaliza darasa lake kwa siku tano, na simu ya dakika tatu inatosha iwapo anajua la kuuliza. «Mtoto anasoma?» ni swali ambalo kila mzazi hulijibu «ndiyo, mwalimu». Ni bora aombe kuongea na mtoto mwenyewe, amuulize amelala wapi jana na ana daftari gani mkononi. Mvulana wa kidato cha pili anayesitasita huenda yuko mwaloni akianika dagaa kwa ujira wa siku. Msichana ambaye kila wiki anaambiwa «ametoka kidogo» anahitaji mwalimu wa ushauri nasaha, na si wiki ijayo. Mazoezi ya kuandika yaliyochapwa na kuachwa ofisi ya mtaa, pamoja na ratiba ya vipindi vya masomo redioni, yanampa mwalimu sababu ya kupiga simu na mzazi sababu ya kuipokea bila kuhisi anachunguzwa.

Tangazo la kufungua shule lifuate njia zote zilizotumika kufunga, na daftari la mawasiliano liwekwe sambamba na daftari la mahudhurio. Ambaye hajafika siku ya tatu apigiwe siku hiyo hiyo. Tangu Novemba 2021 mwanafunzi aliyekatizwa masomo kwa ujauzito anaruhusiwa kurejea baada ya kujifungua, na wapo wazazi wasiolijua hilo hadi leo. Simu ya siku ya tatu ndiyo mahali pake pa kulisema, kwa sauti ya chini, na kwa mzazi mwenyewe.