Kaharabu, sandarusi au plastiki?

Juzi mama mmoja wa mtaa wa Langoni, hapa Lamu, aliniletea tasbihi ya marehemu babake. Punje 33 za rangi ya asali, imamu wake, ile punje ndefu ya kuungia uzi, amevishwa fedha. "Fundi, hii ni kaharabu ya kale," akaniambia. Nikamwomba ruhusa niukate uzi nizijaribu punje peke yake majini, kwani ile fedha ingezamisha hata kitu chepesi, na jibu langu lingekuwa uongo.

Naanza na gilasi ya maji niliyotia chumvi mpaka ikagoma kuyeyuka. Kaharabu ni utomvu wa miti uliogeuka kisukuku. Ile ya pwani za Baltiki, kaskazini mwa Ulaya, ina umri wa makumi ya mamilioni ya miaka. Katika maji hayo huelea. Kioo huzama papo hapo. Punje za mama nazo zilizama, polepole, zote. Nikaisugua moja kwa kitambaa hadi ikapata moto, ikatoa harufu kali ya dawa ya hospitali. Hiyo ni bakelaiti, plastiki aliyoibuni Leo Baekeland mwaka 1907 kwa kemikali za fenoli na formaldihaidi. Tasbihi nyingi za zamani zinazoitwa kaharabu ni za jamaa hiyo.

Lakini kinachoelea si lazima kiwe kaharabu. Polistirini, aina nyingine ya plastiki, huelea. Sandarusi pia huelea, na hiyo ndiyo inayonihangaisha zaidi, maana ni ya pwani yetu wenyewe: utomvu wa msandarusi, ambao katika karne ya 19 ulisafirishwa kutoka Unguja hadi Marekani na Ulaya kupikiwa vanishi. Nao ni utomvu wa mti kama kaharabu, ila umri wake ni mdogo sana, ndiyo maana hudanganya jicho na pua. Hapo natumia asetoni, ile dawa ya kufutia rangi ya kucha. Tone moja ukingoni mwa tundu: sandarusi hunata kidoleni, polistirini hulainika, kaharabu haitikisiki. Sindano ya moto siitumii kabisa. Huacha kovu kwenye mali ya mtu.

Mama aliuliza kama nimemvunjia bei. Nilimweleza kwamba fedha ni halisi, na bakelaiti ya zamani ina wanunuzi wake, mradi iuzwe kwa jina lake. Hakutaka kuuza. Nikaziosha punje chumvi, nikazifuta moja moja, nikamtungia upya kwa uzi wa hariri.