Saleapaga haikuhama

Wiki hii nimeulizwa tena kuhusu Saleapaga, kijiji cha pwani kwenye kisiwa cha Upolu, nchini Samoa: "Wale wa Saleapaga waliokihama kijiji chao baada ya tsunami, siku hizi wanaishi wapi?" Wanaishi Saleapaga! Walihamia juu mlimani, mashambani kwao, ndani ya kijiji kilekile.

Wanaouliza wametazama picha za setilaiti za kusini mwa Upolu: barabara, safu ya nyumba, mchanga, mwamba wa matumbawe. Basi, wanasema, kijiji cha wavuvi. Lakini nu'u, yaani kijiji cha Kisamoa, ni kipande cha ardhi kinachoshuka kutoka mgongo wa mlima hadi mwambani: msitu, chini yake majimbi na ndizi, kisha minazi na mishelisheli, ndipo nyumba. Kila siku utasikia uta, upande wa mlimani, na tai, upande wa bahari. Mwaka 1993 ugonjwa wa majani ulipoangamiza majimbi, "wavuvi" hao walipoteza chakula chao kikuu.

Tarehe 29 Septemba 2009 mawimbi yaliua watu zaidi ya 140 nchini Samoa. Saleapaga ina tambarare nyembamba, nyuma yake mwinuko mkali. Walionusurika walijenga juu, kwenye ardhi ya koo zao. Hawakuhitaji kununua viwanja: takriban asilimia 80 ya ardhi nchini ni ya kimila, iko mikononi mwa matai, wakuu wa koo, na Katiba inakataza kuiuza. Baadaye baadhi yao walishuka kufungua tena vibanda vya wageni ufukweni.

Tena, kusongamana ufukweni si desturi ya kale kama watu wanavyodhani. Misingi ya mawe iliyofunikwa na msitu katika mabonde ya ndani inaonyesha wengi waliishi huko. Wamisionari walipofika mwaka 1830, na biashara ya mbata iliyofuata, watu walizidi kuvutwa chini.

Kinachonisumbua mimi ni mpaka wa chini wa kijiji, upande wa bahari. Vitabu huuchora mwambani kwa mstari mmoja mnene, nami nimefundisha hivyo miaka mingi. Kumbe kwa Katiba, ardhi iliyo chini ya alama ya maji kujaa ni ya serikali. Hata hivyo fono, baraza la kijiji, ndilo huamua nani avue wapi, na huweza kufunga sehemu ya maji samaki wazaliane. Sheria ya uvuvi inazitambua kanuni zake. Nikiuchora penye maji kujaa nawapinga wazee, nikiupeleka mwambani naipinga Katiba. Sasa nauchora kwa nukta.