Jani haliachi rangi, jamani

Juzi tena. Kijana kashika filamu yangu yenye fitogramu, yaani picha ya jani inayotolewa kwa kulilaza jani lenyewe juu ya filamu, kaitazama juani, kauliza: "Fundi, hii rangi ya jani haitoki ukiosha?" Narudia kwa mara ya mwisho, mpaka wiki ijayo.

Hakuna rangi ya jani pale. Weusi ule ni fedha, ileile ya filamu yoyote ya nyeusi na nyeupe. Jani lina kemikali ziitwazo fenoli, jamaa wa vile vinavyoifanya chai ya rangi ikaukie ulimini. Likilowa magadi na vitamini C, fenoli zinafanya kazi ya developa, ile dawa ya kutokeza picha: chumvi ya fedha iliyopigwa na mwanga inageuka fedha nyeusi palepale jani lilipogusa. Kwingine chumvi hiyo inabebwa na fiksa, dawa ya kuiondoa. Kahawa nayo hutokeza picha kwenye filamu kwa njia hiyo, na kinachofanya kazi wala si kafeini, ila huo ni ugomvi wa siku nyingine. Jina la picha hizi, phytogram, ni la msanii Karel Doing. Mimi nasema fitogramu.

Kazi ni fupi: loweka jani bichi kwenye supu yangu ya magadi na vitamini C, lilaze kwenye utando wa filamu, ule wenye chumvi ya fedha, kandamiza kwa kioo, anika juani, fiksa, maji mengi. Chumba cha giza cha nini?

Sasa magadi. Mtu anasikia "soda", anachota ile ya maandazi, kisha ananiandikia kwamba jani limegoma. Limegoma nini? Ile ni baikabonati, haina nguvu. Hata magadi ya kulainishia maharage ni mchanganyiko wa kabonati na baikabonati. Mimi huyaponda, nayakaanga kwenye kikaango kikavu mpaka mvuke na hewa ya ukaa vitoke, ibaki kabonati. Halafu nachuja, maana mchanga wake unachubua utando. (Kikaango ni changu. Cha jikoni nilishanyang'anywa.)

Kinachoninyima usingizi ni hiki: vitamini C na magadi peke yake ni developa tosha. Je, ninachokiona ni kazi ya jani la mpera au ni ya supu? Nililaza kitambaa kilicholowa supu ileile kando ya jani la mpera. Kitambaa kiliacha doa tu, jani likatoa mishipa yote. Nikashangilia. Kesho yake nikawaza: mishipa imeinuka, si ndiyo inayogusa filamu kwanza?

Wiki hii nalaza jani la plastiki, lenye mishipa ila halina fenoli, nimelichomoa kwenye maua ya sebuleni. Mama watoto bado hajagundua.