Maswali na Majibu: Je, Jamii Zilizojitenga Msituni Ziachwe Bila Kufikiwa?

Maswali haya huulizwa na wasomaji wetu wa Mbeya, Iringa na Njombe kila habari za jamii hizo zinaposikika redioni. Tunayajibu kwa upande wa afya.

Ni jamii zipi hizo, na je, Tanzania inazo?

Ni makundi madogo ya watu wa asili yanayokataa mawasiliano ya kudumu na watu wa nje. Mengi yako katika msitu wa Amazon, hasa Brazil na Peru, na kundi lingine linaishi katika Kisiwa cha North Sentinel nchini India. Tanzania haina jamii ya namna hiyo. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao hutajwa mara nyingi, wana majirani wanaoonana nao siku zote.

Mafua kwetu ni ya kila msimu wa baridi. Kwa nini yawaue wao? Je, damu yao ni dhaifu?

Hapana, na dhana hiyo inafaa kuachwa kabisa. Katika Visiwa vya Faroe, Ulaya, surua iliingia mwaka 1846 baada ya kutoonekana kwa miaka 65, ikawapata takriban watu 6,000 kati ya wakazi wasiofika 8,000. Wazee walioiugua mwaka 1781 hawakuipata tena. Mwili ambao haujawahi kukutana na kirusi hauna kinga dhidi yake, awe Mzungu au Mwafrika.

Tofauti kubwa huletwa na kuugua kwa pamoja. Fikiria kijiji cha Makete mwezi Julai ambamo wazazi, vijana na bibi wote wamelala na homa wiki moja: nani atachota maji, nani atakata kuni, nani atamnywesha mtoto uji? Wengi hufa kwa kukaukiwa maji, njaa na nimonia inayofuata, yaani kwa mambo ambayo uuguzi wa kawaida ungeyazuia kama angebaki hata mmoja mwenye nguvu. Wanahua wa Peru walikutana na wakata magogo mwaka 1984, na takriban nusu yao walikufa ndani ya miaka michache, hasa kwa magonjwa ya njia ya hewa.

Mmisionari aliyepimwa na kuonekana mzima hawezi kuwafikia salama?

Swali hili linatoka kwa watu wenye nia njema, lakini jibu ni kwamba kuonekana mzima hakutoshi. Mgonjwa wa surua huanza kuambukiza siku nne hivi kabla ya vipele kutokea, na virusi vyake vinaweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya yeye kuondoka.

Basi si ukatili kuwanyima chanjo ambazo watoto wetu hupata kliniki?

Hapa ndipo penye uzito. Mtoto wa Tanzania hupata chanjo ya surua akiwa na miezi 9 na tena miezi 18, na mhudumu wa zahanati yupo akipata homa. Chanjo inahitaji ubaridi wa kudumu, wiki mbili hivi za kujenga kinga, kurudiwa, na ridhaa ya anayechanjwa. Anayeifikisha kwa ziara moja huenda akaacha ugonjwa kabla kinga haijajengeka. Kwa hiyo tunaona kuwa sera ya Brazil tangu mwaka 1987, ya kulinda ardhi yao bila kuwatafuta, ndiyo tiba iliyo salama zaidi, mradi wakata magogo na wachimba dhahabu wazuiwe kweli.

Na wakitoka wenyewe?

Wasifukuzwe. Mwaka 2014, kundi dogo lilijitokeza karibu na mto Xinane, Brazil, mpakani mwa Peru, na baadhi yao wakaambukizwa mafua. Timu ya afya iliwatibu na kuwachanja. Kazi hiyo inadai wauguzi waliokwisha kuchanjwa, wakalimani, dawa na chakula cha kutosha, na utayari wa kukaa nao hadi mgonjwa wa mwisho apone, kwa sababu anayerudi msituni angali anaambukiza atawapelekea ugonjwa wote aliowaacha nyumbani.