Talaka, watoto na mali: karatasi zinazokwamisha mashauri ya ndoa

Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, imewafikisha mawakili, maafisa sheria na wasaidizi wa kisheria hadi kwenye kata, na kila inapofika, migogoro ya ndoa huwa ya mbele pamoja na ardhi na mirathi. Wengi wanaokuja wana haki zao. Kinachowakwamisha ni kwamba wamepitia mlango usio sahihi, au wamefika na karatasi isiyofaa. Maelezo haya yanahusu Tanzania Bara, ambako ndoa za dini, za kimila na za kiserikali zote zinasimamiwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Sura ya 29. Zanzibar ina utaratibu wake, ikiwamo Mahakama ya Kadhi. Haya ni maelezo ya jumla. Kila shauri huamuliwa kwa ushahidi wake, na aliye na shauri tayari mahakamani azungumze na wakili wake kwanza.

Talaka hutolewa na mahakama

Mke kurudishwa kwao na mabegi hakuvunji ndoa. Wazee kurudishiana mahari hakuvunji ndoa. Barua ya mtendaji wa kata yenye muhuri mkubwa haivunji ndoa, hata kama pande zote mbili zimetia dole gumba na majirani wameshuhudia. Kuishi mbalimbali miaka kumi nako hakuvunji ndoa. Kunaweza tu kuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Anayeoa au kuolewa tena kwa kutegemea mojawapo ya hayo anajitengenezea mgogoro ambao mara nyingi huibuka siku ya mirathi, wakati mwenye kuujibu hayupo tena.

Kwa Waislamu swali huwa hili: talaka niliyoandika mbele ya mashahidi haina thamani? Ina thamani, lakini kwa mpangilio. Sheria inataka kwanza baraza la usuluhishi lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha, ndipo talaka itolewe kwa taratibu za dini, kisha mahakama ipelekewe. Ikifuatwa hivyo, mahakama inapaswa kukubali kwamba ndoa imevunjika na kutoa amri ya talaka. Shida ni wanaoanzia mwisho: karatasi ya talaka leo, baraza baada ya miaka mitatu, tena kwa sababu tu mmoja anataka kuuza kiwanja.

Kwa Wakristo, mahakama inayo mamlaka ya kuvunja ndoa iliyofungwa kanisani. Kama kanisa litakubali kufungisha ndoa nyingine baadaye, hilo ni la kanisa.

Msingi wa talaka ni mmoja: ndoa imevunjika kiasi kwamba haiwezi kurekebishika. Ugoni, ukatili wa mwili au wa akili, kutelekezwa kwa muda usiopungua miaka mitatu, kutengana kwa hiari kwa muda kama huo, kifungo cha maisha au kisichopungua miaka mitano, hayo yote ni ushahidi wa msingi huo, na mahakama inaweza kupokea na mengine. Hata mnapokubaliana wote wawili kuachana, hakimu bado atataka kuridhika kwamba ndoa imevunjika. Kauli ya “tumeshakubaliana, tunataka muhuri tu” tunaisikia karibu kila wiki. Mahakama si ofisi ya mihuri.

Ndoa isiyotimiza miaka miwili nayo ina kizuizi chake. Huwezi kufungua maombi ya talaka kabla ya miaka miwili tangu mlipooana, isipokuwa umeomba na kupewa kibali cha mahakama baada ya kuonyesha kwamba unapata mateso yasiyo ya kawaida. Kibali huombwa kabla ya talaka. Kufungua yote pamoja kwa matumaini kwamba hakimu hatahesabu tarehe ya cheti cha ndoa ni kupoteza muda.

Baraza la usuluhishi na Fomu Namba 3

Hapa ndipo mashauri mengi yanapofia, kwa hiyo soma polepole.

Kabla ya kwenda mahakamani, mgogoro unapaswa kupitia Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Mabaraza haya yapo kwenye kata, na mengine yameundwa kwa ajili ya jumuiya fulani, kama yale ya BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania) na ya madhehebu ya Kikristo. Baraza huwa na mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili na wasiozidi watano. Linawaita wote wawili, linawasikiliza, linajaribu kuwapatanisha. Halitoi talaka, halitoi amri ya kugawa nyumba, na halina mamlaka ya kumkabidhi mtu mtoto. Likishindwa kupatanisha, linatoa hati inayosema hivyo, kwa fomu ambayo wengi wanaijua kama Fomu Namba 3. Linaweza kuambatisha maoni yake kuhusu watoto, matunzo au mali, lakini hayo ni maoni. Hakimu hafungwi nayo.

Hati hiyo hukataliwa kwa sababu zinazojirudia. Ya kwanza ni umri: maombi ya talaka yanatakiwa yaambatane na hati iliyotolewa ndani ya miezi sita kabla ya siku ya kufungua shauri. Hati ya Januari ukiipeleka mahakamani Septemba imeshakufa, na utarudi barazani kuanza upya. Ya pili ni mtoaji: barua ya mwenyekiti wa mtaa, ya mjumbe wa shina, ya dawati la polisi au ya kikao cha ukoo si hati ya baraza, hata iwe imeandikwa kwa ufundi wa namna gani. Ya tatu ni maneno yenyewe. Hati inayosema “tumewashauri waende mahakamani” bila kusema kwamba baraza limeshindwa kuwapatanisha ina kasoro. Ile inayoonyesha kwamba upande mmoja tu ndio uliosikilizwa, bila kueleza kama mwingine aliitwa na akakataa kuja, nayo italeta maswali.

Kasoro hizi si za kupuuza kwa sababu hata ukishinda, zinaweza kukufuata kwenye rufaa. Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mwenendo mzima wa shauri la talaka kwa sababu maombi yalifunguliwa bila hati halali ya baraza. Fikiria umeshagawana mali, umeshahama, kisha unaambiwa kisheria bado ni mke wa mtu.

Kupitia baraza kuna misamaha, na watu wanaitumia vibaya kwa pande zote mbili. Huhitaji baraza ikiwa mwenzi amekutelekeza na hujui aliko. Yuko nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi sita. Ameitwa na baraza akakataa kwa makusudi kufika. Amefungwa maisha au kifungo kisichopungua miaka mitano. Ana ugonjwa wa akili usiotibika. Au mahakama imeridhika kwamba mazingira si ya kawaida na baraza haliwezekani. Anayedai kwamba mwenzake alikaidi wito ahakikishe baraza limeandika wito ulitolewa lini na ulimfikiaje. “Nilimpigia akakata simu” si ushahidi wa kukaidi baraza.

Ukiwa na hati halali, unaweza kufungua shauri Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu. Zote zina mamlaka. Kwa wengi Mahakama ya Mwanzo ni karibu na gharama yake ni ndogo. Nenda na hati ya baraza, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na orodha ya mali na madeni. Cheti kikipotea, RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini) ndiyo yenye kumbukumbu za ndoa zilizosajiliwa. Ndoa kutosajiliwa hakuifanyi kuwa batili, ila utahitaji mashahidi wa kuithibitisha.

Mali: si nusu kwa nusu, na si ya mwenye jina kwenye hati

Dhana mbili zinagongana hapa. Mmoja anasema hati ina jina langu, kwa hiyo nyumba ni yangu. Mwingine anasema tumeoana, kwa hiyo ni nusu kwa nusu. Wote wamekosea.

Mali iliyopatikana ndani ya ndoa ikiwa na jina la mwenzi mmoja, sheria huanza kwa kuchukulia kwamba ni yake, lakini dhana hiyo inavunjwa kwa ushahidi. Wakati wa talaka, kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Hakimu anaangalia mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi. Madeni yaliyochukuliwa kwa faida ya wote. Mahitaji ya watoto. Na mila za jamii yao. Baada ya kuyapima hayo ndipo anaelekea kwenye usawa. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, kazi za nyumbani na kulea watoto ni mchango. Miaka zaidi ya arobaini imepita, na bado kuna wanaume wanaosimama kizimbani kusema “huyu hakufanya kazi, alikuwa nyumbani tu”.

Lakini na kina mama wasikilize: uamuzi ule haukusema kila mke anapata nusu. Kiasi cha mchango kinathibitishwa kwa ushahidi. Leta mkataba wa mauziano ya kiwanja, risiti za saruji, nondo na bati, mkataba wa fundi, taarifa za benki au za miamala ya simu, kitabu cha kikundi au SACCOS kinachoonyesha mkopo ulichukuliwa lini na uliingia wapi. Leta shahidi aliyekuona ukisimamia ujenzi, ukipika kwa ajili ya mafundi, ukiuza duka ambalo fedha zake ziliinua kuta. Nyumba aliyokuwa nayo mwenzi kabla ya ndoa nayo inaweza kuingia ikiwa iliendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au na wote wawili. Nyumba iliyojengwa kwenye kiwanja cha baba mkwe ni ngumu zaidi, maana ardhi ni ya mtu asiyehusika na ndoa yenu, na anaweza kuja kupinga.

Ombeni mahakama itaje asilimia na namna ya utekelezaji. Tuseme nyumba imetathminiwa na mthamini kuwa na thamani ya shilingi milioni 60, na kuna mkopo wa milioni 8 uliojengea nyumba hiyo. Linalogawanywa ni milioni 52. Mwenye asilimia 40 anapata milioni 20.8, ama kwa nyumba kuuzwa, ama kwa mwenzake kumlipa na kubaki nayo. Hukumu inayosema tu “mgawane” inazaa shauri jingine la utekelezaji.

Ukihisi mwenzako anataka kuuza nyumba ya ndoa kabla ya shauri kuisha, usisubiri. Haruhusiwi kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa yako. Kama ina hati, weka zuio kwa Msajili wa Hati. Kama haijapimwa, omba amri ya zuio mahakamani na uipeleke kwa serikali ya mtaa au kijiji. Ukishapata taarifa kwamba mnunuzi amehamia, kazi inakuwa kubwa mara kumi.

Watoto

Hakuna sheria inayosema mtoto akitimiza miaka saba anakwenda kwa baba. Sheria inasema mtoto wa chini ya miaka saba huchukuliwa kuwa ni vyema akae na mama, na hata hilo linaweza kupingwa kwa ushahidi. Baada ya miaka saba hakuna anayepata mtoto kwa sababu ya tarehe. Kinachotangulia ni ustawi wa mtoto: shule, utulivu, usalama, nani amekuwa akimlea. Mtoto mwenye umri wa kujieleza husikilizwa. Mahakama mara nyingi huomba ripoti ya afisa ustawi wa jamii, na afisa huyo atafika nyumbani, kwa hiyo usipange nyumba ya maonyesho.

Kulea, kutunza na kuonana na mtoto ni mambo matatu tofauti. Baba asiyetoa matunzo hapotezi haki ya kumwona mtoto, na mama anayenyimwa matunzo haruhusiwi kumficha mtoto kama dhamana. Kila mmoja apeleke lalamiko lake kwa ustawi wa jamii au mahakamani. Wajibu wa matunzo uko pia kwenye Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kwa watoto wa ndani na wa nje ya ndoa. Anayekiuka haki za mtoto zilizotajwa humo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni tano, kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Anayeomba matunzo apeleke orodha halisi ya ada, chakula, kodi na matibabu. Anayelipa atume kwa benki au simu. Fedha iliyokabidhiwa mkononi pale stendi haina kumbukumbu, na baiskeli ya sikukuu si matunzo. Kipato kikibadilika, omba amri ibadilishwe. Usiamue mwenyewe kuacha kulipa.

Tulioishi pamoja bila ndoa

Ile “miezi sita” inayotajwa mitaani haipo kwenye sheria. Ni miaka miwili au zaidi ya kuishi pamoja na kujulikana na jamii kama mke na mume, na hapo ndipo dhana ya ndoa, yaani sheria kuchukulia kwamba mmeoana, inapoanza. Mwingine anaweza kuipinga. Haimsaidii aliyeishi na mwanaume mwenye ndoa ya mke mmoja iliyo hai. Hata dhana ikivunjwa, mwanamke bado anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto.

Baada ya hukumu

Omba nakala ya hukumu na ya amri mapema. Rufaa kwenda Mahakama Kuu ina siku 45, na hufunguliwa kwenye mahakama iliyotoa uamuzi. Asiyekata rufaa ahakikishe talaka imesajiliwa RITA kabla ya kufunga ndoa nyingine, kisha abadilishe jina la mwenzi wa zamani kwenye bima ya afya, mfuko wa hifadhi ya jamii na akaunti za pamoja. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aombe msaada wa kisheria chini ya sheria ya mwaka 2017. Msajili msaidizi wa halmashauri atamwelekeza kwa watoa huduma waliosajiliwa, na huduma hiyo hutolewa bila malipo.