Tarehe Mbili za Ujumbe Mmoja: Je, Marekani Ilisoma Kila Kitu Kabla ya Pearl Harbor?

Nimeandikiwa tena, safari hii na mtu msomi kabisa, kwamba «inajulikana wazi» kuwa mwaka 1941 Wamarekani walikuwa wakisoma mawasiliano yote ya siri ya Wajapani, na kwa hiyo Rais Roosevelt alijua kuwa Pearl Harbor, bandari ya kijeshi ya Marekani huko Hawaii iliyopigwa na Wajapani tarehe 7 Desemba mwaka huo, ingeshambuliwa, akanyamaza. Ushahidi ni uleule wa siku zote: ujumbe wa Tokyo kwa ubalozi mdogo wa Honolulu wa tarehe 24 Septemba 1941, ulioigawa bandari hiyo katika maeneo matano na kutaka taarifa za meli zilizomo. Kazi yangu ni kufundisha historia ya ujasusi wa mawasiliano, na nakiri kwamba dai hili limeanza kunichosha. Si kwa sababu ni la kipuuzi, bali kwa sababu limejengwa juu ya nyaraka za kweli zilizosomwa nusunusu.

Lililo kweli nitalipitia haraka, maana halina ubishi. Wizara ya Mambo ya Nje ya Japani ilianza kutumia mwaka 1939 mashine ya saifa, yaani ya kuficha maandishi, ambayo Wamarekani waliipa jina la Purple. Kundi la Frank Rowlett, katika idara ya William Friedman ya Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, liliivunja Septemba 1940, baada ya Genevieve Grotjan kuubaini mpangilio uliokuwa ukijirudia ndani ya saifa, na wakaunda mashine ya kwao kwa swichi za hatua za simu bila kuwahi kuiona ile ya Wajapani. Baadaye Francis Raven wa Jeshi la Majini aligundua kwamba ufunguo (mpangilio wa siri wa mashine) wa siku ya kwanza katika kila kipindi cha siku kumi ulitosha kukupatia funguo za siku tisa zilizofuata. Tangu hapo, ujumbe mwingi wa Purple ulisomwa Washington siku ileile uliponaswa.

Hapo ndipo wengi hufunga kitabu na kuondoka na hitimisho lao. Lakini Purple ilikuwa saifa ya wanadiplomasia, na wanadiplomasia hawakuambiwa. Mpango wa Admirali Yamamoto wa kushambulia Pearl Harbor ulifungiwa ndani ya Jeshi la Majini la Japani, na Balozi Nomura, aliyekuwa akijadiliana na Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Cordell Hull, mjini Washington, hakujua lolote kuhusu manowari zilizong'oa nanga ghuba ya Hitokappu, kaskazini mwa Japani, tarehe 26 Novemba, kwenda Hawaii. Ungeweza kusoma kila herufi ya Nomura, kwa Kijapani fasaha, ukiwa na kikombe cha chai mkononi, usiipate Pearl Harbor humo. Ulichokipata ni kwamba vita vilikuwa karibu: ujumbe wa tarehe 22 Novemba uliosema kuwa baada ya tarehe 29 mambo yangetokea yenyewe, na ule wa tarehe 30 Novemba uliomwagiza Balozi Oshima huko Berlin awaeleze Wajerumani kwamba vita vingeweza kuzuka mapema kuliko yeyote alivyodhania. Wakati huohuo, misafara ya meli iliyoonekana kwa macho ilikuwa ikielekea kusini, upande wa Malaya na Siam.

Sasa tuje Honolulu, na hapa naomba subira ya msomaji, kwa sababu ndipo penye kiini cha jambo. Ubalozi mdogo wa Honolulu haukuwa na mashine ya Purple. Balozi Mdogo Nagao Kita alitumia mifumo ya mkono, hasa J-19, na PA-K2 ambayo ilikuwa dhaifu zaidi. Jasusi wake, Takeo Yoshikawa, aliyefika Machi 1941 kwa jina la Tadashi Morimura, alizihesabu manowari kutoka kwenye nyumba ya chai iliyokuwa mlimani Alewa, na taarifa zake zikapelekwa Tokyo kwa simu za maandishi za kampuni za kawaida. Mtu angetarajia kwamba saifa duni husomwa upesi kuliko saifa bora, lakini mambo yalikuwa kinyume. Purple, yenye kusifiwa ugumu, ilikuwa imekwisha kuzoeleka na ilipewa kipaumbele cha kwanza. J-19 ilihitaji kuvunjwa upya kila ufunguo ulipobadilika, nayo ilisubiri hadi wachambuzi na wafasiri wa Kijapani, ambao walikuwa wachache mno, wamalize mafaili ya mabalozi. Kazi yenyewe iligawanywa kwa utaratibu ambao hadi leo hunifanya nitikise kichwa: siku za tarehe shufwa zilikuwa za Jeshi la Nchi Kavu, za witiri zilikuwa za Jeshi la Majini.

Ujumbe ule wa tarehe 24 Septemba ulinaswa na kituo cha Fort Shafter, palepale Hawaii. Kituo hakikuwa na wachambuzi wa saifa hiyo, kwa hiyo karatasi zenye makundi ya herufi yasiyosomeka zilifungwa na kupelekwa Washington kwa barua. Naam, kwa barua. Ulisomeka kwa Kiingereza tarehe 9 Oktoba, siku kumi na tano baadaye, na makamanda waliokuwa wakiishi maili chache kutoka kituo kilichounasa, Admirali Kimmel na Jenerali Short, hawakuonyeshwa kamwe kabla ya shambulio.

Hili la tarehe ndilo linaloniudhi kuliko yote. Bunge la Marekani lilichapisha ushahidi wake mwaka 1946, na sehemu ya 12 ina tafsiri hizi, ujumbe baada ya ujumbe. Juu ya kila ukurasa kuna tarehe ya kutumwa. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, kuna namba ya jalada na tarehe ya kutafsiriwa. Wapenzi wa njama hunukuu ya juu tu. Agizo la tarehe 15 Novemba, kwamba taarifa za meli bandarini zitumwe mara mbili kwa wiki, lilitafsiriwa tarehe 3 Desemba. Agizo la tarehe 29 Novemba, kwamba taarifa zitolewe hata pasipokuwa na meli iliyosogea, lilitafsiriwa tarehe 5 Desemba. Swali la tarehe 2 Desemba, kama kuna maputo ya ulinzi juu ya Pearl Harbor na nyavu za kuzuia torpedo (makombora yanayopita majini), lilitafsiriwa tarehe 30 Desemba, wakati waliokufa walikuwa wamekwisha kuzikwa. Ujumbe wa Kita wa tarehe 6 Desemba, uliosema kwamba bado kulikuwa na nafasi nzuri ya kushambulia kwa kushtukiza, ulisomwa tarehe 8. Kunasa ni jambo moja, kuvunja saifa ni jingine, kutafsiri ni la tatu, na kumfikishia mwenye mamlaka ya kuamua ni la nne. Anayeyachanganya yote manne chini ya neno «walijua» hajafanya utafiti. Amefanya hesabu ya kujumlisha peke yake.

Hata hivyo, sitaki kujifanya kwamba kila kitu kinakaa sawa. Ujumbe wa Septemba ulitafsiriwa miezi miwili kabla ya shambulio, na sijaridhika na maelezo ya kawaida kwamba ulipotea katikati ya taarifa nyingi za Manila, Panama na pwani ya magharibi ya Marekani. Ni kweli kwamba Tokyo iliuliza kuhusu meli karibu kila mahali. Lakini kugawa maji ya bandari moja katika maeneo matano, A hadi E, kisha kutaka kuarifiwa pale meli mbili au zaidi zinapofungwa ubavu kwa ubavu kwenye gati moja, si udadisi wa karani. Swali la meli mbili ubavu kwa ubavu lina maana kubwa kwa mtu anayefikiria torpedo, kwa kuwa meli ya ndani haifikiwi. Maofisa walioulizwa baadaye walisema waliona humo bidii ya Wajapani ya kupenda maelezo madogomadogo, au njia ya kufupisha taarifa, au maandalizi ya hujuma. Labda. Kanali Rufus Bratton wa ujasusi wa Jeshi la Nchi Kavu aliona kwamba Wajapani walikuwa wakiijali bandari ile kupita kiasi, na wenzake hawakukubaliana naye. Mimi nadhani ulipaswa kupelekwa Hawaii siku ileile, na sijui hoja ya usiri inayotosha kueleza kwa nini haukupelekwa. Huo ni uzembe, tena mzito. Lakini uzembe si njama, na ushahidi wa mmoja hauwezi kuazimwa kuthibitisha nyingine.

Kuhusu ule ujumbe wa sehemu kumi na nne ambao Tokyo ilimtumia Balozi Nomura tarehe 6 na 7 Desemba ili aukabidhi kwa serikali ya Marekani, nitasema machache, kwa kuwa umeandikwa mno. Haukutangaza vita, na hata sehemu ya mwisho ilisema tu kwamba makubaliano hayawezi kufikiwa kwa kuendelea kujadiliana. Kilichomshtua Bratton ni agizo fupi lililoufuata, kwamba uwasilishwe saa saba kamili mchana kwa saa za Washington, ambayo ni saa moja na nusu asubuhi Hawaii. Jenerali Marshall, mkuu wa Jeshi la Nchi Kavu, alikuwa amekwenda kupanda farasi. Onyo lake lilipoandikwa hatimaye, redio ya jeshi kwenda Honolulu ilikuwa imezidiwa na kelele za anga, likatumwa kwa kampuni ya biashara bila alama ya dharura, na likafika mabomu yakiwa yamekwisha kuanguka.

Mwisho ni msimbo wa Jeshi la Majini la Japani, JN-25, kwa sababu akishindwa kwenye Purple mbishi hukimbilia huko. Hapo kweli ndipo mpango ungeweza kuonekana. Lakini toleo lililokuwa likitumika lilianza Desemba 1940, na mwaka mmoja baadaye ni sehemu ndogo tu ya makundi yake ya namba iliyokuwa imefahamika, mbali na usumbufu wa viongezeo, yaani namba zilizojumlishwa juu ya makundi hayo ili kuyaficha zaidi, vilivyobadilishwa. Ujumbe wa mwaka 1941 unaonukuliwa leo mitandaoni ulivunjwa mwaka 1945 na 1946, vita vilipokwisha, na wataalamu waliorudi kwenye karatasi za zamani walizokuwa wamezihifadhi. Wasomaji wa Mombasa huenda wanajua kwamba Waingereza walipokimbia kutoka Colombo (katika Sri Lanka ya leo) mwaka 1942 walihamishia wachambuzi wao Kilindini, katika jengo la shule ya Allidina Visram, na huko wakaendelea kupambana na msimbo huohuo, mawimbi ya redio yakiwafikia kwa udhaifu mkubwa. Miezi kadhaa baada ya Pearl Harbor, hata mikononi mwa wataalamu, JN-25 ilikuwa bado inasomwa vipande vipande.